Samadi ya mashamba ya pembezoni mwa Nairobi na fosforasi inayoingia mitoni: wafugaji tunahusika kwa kiasi gani?

#1 Mfugaji wa Mutuini

Hamjambo, wanajukwaa. Nina hoja ambayo huenda wafugaji wenzangu wasiipende, lakini naomba isomwe hadi mwisho. Kila bwawa la Nairobi linapogeuka kijani, lawama huenda kwa majitaka ya mitaa na ya viwanda, nasi tunaofuga ng'ombe, nguruwe na kuku huku Dagoretti, Kikuyu, Kabete na kuelekea Githunguri hukaa kimya kana kwamba hayatuhusu. Naamini yanatuhusu, na jambo lenyewe ni fosforasi iliyomo katika samadi yetu, kirutubisho kinachoulisha mwani na magugu ya majini.

Mashamba ya wazazi wetu yamegawanywa hadi yamebaki nusu ekari, pengine robo, ilhali mifugo haikupungua kwa kiasi hicho. Ng'ombe halishwi tena kwa nyasi za shamba lake pekee. Anakula machicha, pumba na chakula cha dukani, na kuku ndio hawali kabisa kitu kilichoota nyumbani. Fosforasi iliyomo katika vyakula hivyo huingia langoni kila wiki. Sehemu yake hutoka ikiwa maziwa, mayai au nyama, na iliyosalia huishia katika lundo nyuma ya zizi. Lundo lenyewe kwa kawaida liko kwenye mteremko, halina paa, na chini yake kuna bonde la nduma na kijito. Masika ikianza, kila mmoja wetu ameona rangi ya maji yanayoshuka kutoka pale.

Je, kuna yeyote aliyewahi kuhesabu fosforasi inayoingia na kutoka shambani mwake? Na kama tungekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, tuanzie wapi: paa la lundo, ukanda wa nyasi kingoni, chakula cha mifugo, au kuiuza samadi kwa wenye mashamba makubwa?

#2 Nduma za Bondeni

Mimi ndiye ninayelima hapo chini mnapopataja. Nduma zangu hazijawahi kukosa rutuba, na sasa nimejua majirani wa kuwashukuru. Hata hivyo, mvua kubwa ikinyesha maji hupita juu ya mashina kwa kasi na kuingia kijitoni kabla nduma hazijafyonza chochote, kwa hiyo msitegemee kwamba bonde litawasafishia.

#3 Mwalimu wa Udongo

Hoja ya Mfugaji ni nzuri, ila ameruka hatua moja muhimu, nayo ni udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Kiambu, ambao wataalamu huuita nitisoli, una oksidi nyingi za chuma na alumini. Oksidi hizo huishika fosforasi kwa nguvu kiasi kwamba mkulima anaweza kutia mbolea na mahindi yake bado yakaonyesha majani ya zambarau kwa kuikosa. Kituo cha utafiti cha Kabete kilianza mwaka 1976 jaribio la muda mrefu la kulinganisha samadi, mbolea ya viwandani na mabua yanayorudishwa shambani, na sababu moja ya watu kufuatilia majaribio ya aina hiyo ni kwamba katika udongo wetu swali la kawaida limekuwa namna ya kumfikishia mmea fosforasi, wala halikuwa namna ya kuizuia isitoroke.

Naitrojeni ni tofauti. Hiyo huyeyuka ikiwa naitreti na kuzama na maji hadi chini. Fosforasi hubaki palepale ilipowekwa, isipokuwa udongo wenyewe uondoke. Basi mkitaka kulinda mito, zuieni mmomonyoko kwanza, kwa sababu kila gramu ya udongo mwekundu inayoingia mtoni imebeba fosforasi iliyoshikamana nayo.

#4 Kuku Mia Tano

Mwalimu, heshima yako. Nimejaribu kuhesabu kwa upande wangu. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, na nikichukulia kwamba kila kilo ya chakula ina gramu 5 za fosforasi, anakula gramu 0.6. Yai huondoka na gramu 0.1 hivi. Kwa hiyo gramu 0.5 hubaki katika kinyesi kila siku, na kwa kuku 500 hiyo ni robo kilo kwa siku, au karibu kilo 90 kwa mwaka. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una asilimia 46 ya fosforasi, yaani kilo 23. Banda langu linatoa fosforasi sawa na mifuko minne ya DAP kila mwaka, na shamba langu ni robo ekari.

#5 Maji ya Mfereji

Hesabu ya kuku ni sahihi, ila ile ya mfuko inahitaji kusahihishwa. Namba 46 kwenye mfuko wa DAP ni asilimia ya fosforasi ikihesabiwa pamoja na oksijeni yake, kama ilivyo desturi ya biashara ya mbolea. Ukitaka fosforasi yenyewe, zidisha kwa 0.44. Mfuko wa kilo 50 una kilo 10 tu. Kwa hiyo banda lako linatoa mifuko tisa kwa mwaka, siyo minne, na yote iko kwenye robo ekari.

Naongeza upande wa maji, kwa kuwa huko ndiko kazi yangu ilikokuwa. Katika maziwa na mabwawa, mpaka unaotumika sana wa kusema kwamba maji yamerutubika kupita kiasi ni miligramu 0.035 za fosforasi katika lita. Kilo moja ya fosforasi ikichanganyika vizuri inatosha kuyafikisha lita milioni 28 za maji kwenye mpaka huo. Sasa tufikirie kwamba Kuku Mia Tano ni mwangalifu sana, na asilimia 1 tu ya fosforasi ya banda lake ndiyo inayotoroka. Kilimo kwake hiyo asilimia 1 si kitu, hataiona katika mavuno wala katika mfuko wake wa fedha. Bwawani itaonekana. Hapa ndipo ugumu wa jambo hili ulipo: kiasi kinachomdhuru mwenye maji ni kidogo mno kumshtua mwenye samadi.

#6 Kuku Mia Tano

Asante kwa sahihisho. Mifuko tisa inaniumiza zaidi nikikumbuka kwamba msimu uliopita nilinunua DAP nyingine dukani.

#7 Binti wa Kinangop

Mwalimu amesema kweli kuhusu mmomonyoko, na sisi wa juu tunaijua hadithi hiyo kwa vitendo. Bwawa la Sasumua, ambalo limekuwa likiipa Nairobi maji tangu miaka ya 1950, limezungukwa na mashamba ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa. Maji yakifika mtamboni yakiwa na tope, gharama ya kuyasafisha hupanda. Ndiyo maana Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi ulianzishwa mwaka 2015, ili watu wa mjini na makampuni yanayotumia maji wachangie kazi ya mkulima wa milimani kuchimba matuta na kupanda nyasi. Kwetu tumechimba fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, tukapanda nyasi za nepia juu ya kila tuta, na kina mama wanasema wazi kwamba wanachokipenda zaidi ni lishe ya ng'ombe, huku maji safi yakiwa faida ya watu wa bondeni. Sioni ubaya katika hilo. Kazi ya kulinda maji ikimlipa anayeifanya, haihitaji askari.

Ila nina swali kwa Mwalimu. Shamba la viazi linapigwa jembe na kutiwa mbolea upya kila msimu, na ni udongo wake unaoshuka. Je, udongo ulioshiba samadi kwa miaka mingi unaishika fosforasi kwa nguvu ileile?

#8 Mwalimu wa Udongo

Hapana, Binti, hauishiki kwa nguvu ileile, na umeuliza mahali penyewe. Nafasi za kuishika fosforasi katika udongo zina kikomo. Isitoshe, viumbehai vilivyooza vilivyomo katika samadi hushindania nafasi hizohizo, kwa hiyo samadi huiacha fosforasi ikiwa huru zaidi kuliko DAP ingeiacha. Kipande cha sukuma wiki na dania kilichotiwa mbolea ya kuku msimu baada ya msimu kinaweza kufika hali ambayo maji ya mvua yanayopita juu yake huondoka na fosforasi iliyoyeyuka, hata kama hayakubeba chembe ya udongo. Shamba la mahindi la jirani yake, lenye udongo wa asili uleule, bado litakuwa na njaa ya fosforasi. Yote mawili yanaweza kuwepo ndani ya kijiji kimoja, na jicho haliwezi kuyatofautisha. Kipimo cha udongo ndicho kinachoweza.

Kwa wale wa upande wa Embakasi, Ruai na Athi River, mambo ni mengine kabisa. Udongo mweusi wa kule hupasuka wakati wa kiangazi, na tope la samadi likimwagwa juu ya nyufa hizo hushuka moja kwa moja bila kukutana na udongo wa kulishika.

#9 Mkazi wa Lang'ata

Ninasoma kwa makini, lakini nahofia kwamba wafugaji wema wanajitwika mzigo usio wao. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, na wazee wa mtaa wetu wanakumbuka watu wakiendesha mashua za tanga pale. Leo limejaa gugumaji na tope. Je, fosforasi iliyolilisha gugumaji hilo ilitoka kwa ng'ombe wa Dagoretti? Mto Motoine hupita karibu na makazi ya maelfu ya watu wasio na mabomba ya majitaka, na kinyesi cha binadamu nacho kina fosforasi, pamoja na maji ya kufulia. Mtu akifunika lundo lake huko Mutuini huku majitaka yakiendelea kumiminika bila kipimo, sidhani kwamba bwawa litatambua juhudi zake.

#10 Mfugaji wa Mutuini

Mkazi wa Lang'ata, sikatai kwamba majitaka ni mengi, na katika bwawa hilo huenda ndiyo yanayotawala. Lakini maji ya kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu ambako Mto Nairobi unaanzia, hayajapita mitaa kama Kibera isiyo na mabomba ya majitaka. Kinamasi hicho kimezungukwa na mashamba na vibanda vya mboga. Vijito vya Githunguri na Limuru navyo huanza safari vikiwa mikononi mwa wakulima. Tukisubiri kila mchafuzi mkubwa asafishe upande wake ndipo wadogo waanze, tutasubiri sana. Sipendi hoja inayoniambia kwamba uchafu wangu ni halali kwa kuwa wa jirani ni mkubwa kuliko wangu.

#11 Daftari la Shamba

Samahani kwa kuingilia. Mbona kila mtu anazungumzia fosforasi pekee? Mimi nilifundishwa kwamba naitrojeni ndiyo inayokuza majani. Gugumaji ni majani matupu.

#12 Maji ya Mfereji

Swali la Daftari liliwahi kugombaniwa na wanasayansi wa dunia nzima, na jibu lililowashawishi wengi lilitoka kwenye maziwa madogo ya Ontario, Kanada. Mwaka 1973, mtafiti David Schindler na wenzake waligawa ziwa moja, lililoitwa Ziwa 226, kwa pazia lililozuia maji ya pande mbili yasichanganyike. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, naitrojeni na fosforasi. Upande wenye fosforasi ulifunikwa na mwani wa buluu na kijani, na ule mwingine ukabaki karibu na hali yake ya asili. Picha yake iliyopigwa kutoka angani imewashawishi watu wengi kuliko majedwali yoyote.

Maelezo yaliyotolewa ni kwamba baadhi ya mwani huo, ambao kwa kweli ni bakteria, huweza kuchukua naitrojeni hewani. Fosforasi haina akiba hewani ya namna hiyo. Ukiyanyima maji fosforasi, umewanyima bakteria hao kitu wasichoweza kukitengeneza.

#13 Mtu wa Winam

Ndugu Maji ya Mfereji, jaribio la Kanada ni la maziwa madogo ya nchi ya baridi. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tunajua kwamba kule kuna nyakati ambapo naitrojeni ndiyo inayopungua, na gugumaji halina uwezo wa kuichukua hewani kama bakteria hao. Tena kuna jambo jingine ambalo halijatajwa: katika Ziwa Victoria sehemu kubwa ya fosforasi hufika kwa vumbi na mvua, ikiwa imetoka kwenye moshi wa kuchoma nyasi na kwenye udongo uliopeperushwa. Kwa hiyo nawaomba msiseme "hewani hakuna", semeni hakuna gesi yake. Vumbi la barabara zenu za Kiambu wakati wa kiangazi linaangukia wapi?

#14 Samaki wa Ruiru

Nami niseme la upande wangu, kwa kuwa ninafanya kinyume cha mnayoyahubiri. Ninafuga ngege katika vidimbwi, na huweka samadi majini kwa makusudi ili mwani uote na samaki wapate chakula. Ninachojifunza kila mara ni jinsi kiasi kidogo kinavyotosha. Mkono ukizidi, maji huwa mazito, na usiku mwani hutumia hewa ya majini hadi alfajiri samaki wanapanda juu kuhema. Kinachotokea katika kidimbwi changu kwa siku chache ndicho kinachotokea bwawani kwa miaka, isipokuwa mimi ninaweza kufungua maji na kuanza upya.

#15 Bayogesi Kwanza

Wanajukwaa, nashangaa hakuna aliyetaja suluhisho lililo rahisi. Jengeni mtambo wa bayogesi. Samadi inaingia, gesi inatoka, mnapika, na uchafu unakwisha.

#16 Mwalimu wa Udongo

Bwana Bayogesi, mtambo wako ni mzuri kwa moshi wa jikoni na kwa kuni, lakini kwa fosforasi haufanyi lolote. Kinachotoka kikiwa gesi ni hasa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Fosforasi yote iliyoingia hutoka upande wa pili ndani ya tope, ikiwa majimaji zaidi na rahisi kutiririka kuliko ilivyokuwa katika samadi ngumu. Mwenye mtambo anahitaji shimo la kuhifadhi tope hilo na mpango wa mahali pa kulipeleka, la sivyo atakuwa ameharakisha safari yake ya kwenda mtoni. Mboji nayo ni hivyohivyo: lundo hupungua ukubwa kwa kuwa kaboni imeondoka, na fosforasi iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila karai.

#17 Mfugaji wa Mutuini

Nimefuata mfano wa Kuku Mia Tano na kuhesabu ng'ombe. Nimechukulia anakula kilo 12 za lishe kavu kwa siku, zenye gramu 3 za fosforasi kwa kilo, jumla gramu 36. Akitoa lita 12 za maziwa, hizo huondoka na gramu 11 hivi. Gramu 25 hubaki katika samadi, yaani kilo 9 kwa mwaka. Karibu mfuko mmoja wa DAP kwa kila ng'ombe. Nina ng'ombe wanne, kwa hiyo kilo 36. Nusu ekari ya mahindi kwa misimu miwili, nikivuna magunia 20 ya kilo 90 kwa mwaka, huondoka na kilo 5 na kitu, kwa kuwa tani ya mahindi ina kilo 3 za fosforasi. Nina ziada ya kilo 30 kila mwaka.

#18 Binti wa Kinangop

Ndugu Mfugaji, unajiadhibu kupita kiasi, na hesabu hiyo inapaswa kufanyiwa langoni, wala si nyuma ya ng'ombe. Nepia uliyokata shambani mwako na kumpa ng'ombe ilitoa fosforasi katika udongo wako mwenyewe, na samadi ikirudi kwenye nepia hiyo, mzunguko umefungwa. Nepia haina kiasi kidogo: nusu ekari inayotoa tani 3 za lishe kavu kwa mwaka hubeba kilo 7 au 8. Hesabu kilichoingia kwa kununuliwa tu. Kama kila ng'ombe anapewa kilo 4 za chakula cha dukani zenye gramu 5 kwa kilo, ameingiza gramu 20 na maziwa yametoa gramu 11. Ziada ni gramu 9 kwa siku, kilo 3 na kitu kwa mwaka kwa kila ng'ombe. Machicha na nyasi kavu za kununua huongeza hapo.

Bado ni ziada, na hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Lakini ni tofauti kubwa na kilo 9, na inakuonyesha kwamba tatizo lako haliko katika idadi ya ng'ombe pekee, liko katika gunia la dukani.

#19 Duka la Vyakula vya Mifugo

Kwa kuwa gunia la dukani limetajwa, niruhusiwe kusema kutoka nyuma ya kaunta. Takriban theluthi mbili za fosforasi iliyomo katika mahindi, pumba na mashudu imefungwa katika umbo linaloitwa faiteti. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyoifungua. Kuku na nguruwe hawana uwezo wa kutosha wa kuifungua, kwa hiyo hupita nayo hadi nje, na watengenezaji hulazimika kuongeza fosfati ya madini ili mnyama asidhoofike mifupa. Mkulima analipia fosforasi mara mbili, na sehemu kubwa yake inakwenda lundoni. Kimeng'enya cha faitesi kikiongezwa katika chakula, kuku hupata fosforasi iliyokuwa imefungwa, na fosfati ya madini hupunguzwa. Samadi hutoka ikiwa na fosforasi pungufu bila mtu kushika sepetu. Ulizeni kama chakula mnachonunua kina faitesi na kama fosfati ilipunguzwa kwa sababu yake. Ikiwekwa faitesi na fosfati ikaachwa vilevile, hakuna kilichookolewa.

Kwa ng'ombe, angalieni chumvi ya madini. Wapo wanaoongeza fosforasi juu ya chakula ambacho tayari kinaitosheleza kwa imani kwamba ng'ombe atapata joto haraka. Ng'ombe mwenye fosforasi ya kutosha hatazaa zaidi kwa kuongezewa nyingine, ataitoa katika kinyesi tu.

#20 Kanta ya Samadi

Mimi husafirisha samadi. Nawaambia wazi kwamba mnazungumza juu ya ziada wakati kila wiki ninaleta samadi ya maboma kutoka Kajiado hadi Kiambu, kwa wakulima wa mboga na kahawa, na wananisubiri barabarani. Kuku Mia Tano akiwa na mifuko tisa ya bure, na mwenye viazi kilomita chache kutoka kwake ananunua samadi ya Umasaini, kuna kitu hakikukaa sawa.

#21 Kuku Mia Tano

Kanta, nipigie hesabu ya nauli ya kwenda Limuru badala ya kunisema hadharani. Samadi yangu imechanganyika na maranda ya banda, ni kavu, haivuji. Tatizo ni kwamba mnunuzi huuliza bei kwa gunia, na hakuna anayeuliza kilichomo.

#22 Mstari wa Mto

Kuhusu kingo, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka kwenye kingo, kwa kutegemea upana wa mto na kiwango cha juu cha mafuriko. Nduma za bondeni nyingi ziko ndani ya eneo hilo, na yeye anayelima pale anajua. Tukirudisha ukanda huo kwa nyasi za kudumu na miti ya asili, nusu ya mjadala huu itakwisha.

#23 Nduma za Bondeni

Ndugu Mstari, bonde hilo ndilo linalonilipia karo. Sikatai sheria, lakini anayeniondoa mimi na kuliacha lundo la mteremkoni palepale atakuwa ameondoa kichujio pekee kilichokuwepo, hata kama ni kibovu.

#24 Mwalimu wa Udongo

Ukanda wa nyasi hupunguza kasi ya maji na kukamata udongo, na kwa fosforasi iliyoshikamana na udongo husaidia sana. Iliyoyeyuka hupita kwa wingi. Tena ukanda usiokatwa na kuondolewa hujaa fosforasi baada ya miaka, kisha huanza kuitoa. Kama ni nepia, kateni na mpeleke kwa ng'ombe aliye mbali na mto.

Na Mkazi wa Lang'ata alichokisema nakiongezea hivi: hata tukifunga kila mfereji leo, tope lililo chini ya bwawa lina akiba ya miaka mingi. Maji ya chini yakikosa oksijeni, chuma kilichoishika fosforasi hubadilika na kuiachilia upya. Bwawa huendelea kujilisha lenyewe.

#25 Jirani wa Toledo

Nimeishi Marekani, jimbo la Ohio, na nilikuwepo Agosti 2014 watu takriban nusu milioni wa mji wa Toledo walipoambiwa wasinywe maji ya mfereji kwa sababu ya sumu ya bakteria hao wa buluu na kijani katika Ziwa Erie. Jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue ni kwamba kuchemsha hakuondoi sumu hiyo; maji yakipungua sufuriani, hubaki ikiwa nyingi zaidi. Ng'ombe naye asinyweshwe maji yenye utando wa kijani.

Huko pia hawajakubaliana. Fosforasi iliyoyeyuka katika Mto Maumee imeongezeka tangu katikati ya miaka ya 1990, ilhali mmomonyoko ulikuwa umepungua. Wengine walisema ni samadi, wengine mbolea ya viwandani inayomwagwa kabla ya baridi, wengine mabomba ya kukausha mashamba. Na wapo walioonyesha kwamba kilimo cha kupanda bila kugeuza udongo, kilichosifiwa kwa kuzuia mmomonyoko, kiliiacha fosforasi imekusanyika katika sentimita chache za juu, mahali ambapo mvua inaigusa kwanza. Binti wa Kinangop na Mwalimu wanipe maoni yao juu ya hilo, kwa sababu hapa kwetu samadi hutawanywa juu na kuachwa.

#26 Shabu na Maji

Marekani baadhi ya wafugaji wa kuku huchanganya shabu katika maranda ya banda, na alumini iliyomo huishika fosforasi isiyeyuke kwa urahisi. Jumla ya fosforasi haipungui, ila hutembea polepole. Uholanzi walikwenda mbali zaidi: tangu Januari 2018, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hana budi kuwa na haki za fosfati, yaani kibali cha kiasi cha fosfati ambacho ng'ombe wake wanaruhusiwa kutoa, na akitaka kuongeza ng'ombe hununua haki hizo kutoka kwa mwingine.

#27 Mfugaji wa Mutuini

Haki za fosfati kwa mwenye ng'ombe wanne zingemfukuza shambani, sizitaki hapa. Nimeamua kuanza na mabati juu ya lundo na mfereji wa kuyapitisha maji ya paa la zizi kando, kwa kuwa maji safi yasiyogusa samadi hayana cha kubeba. Samadi nitaifukia siku ileile ninapoitawanya, mapema kabla mvua kubwa hazijaanza. DAP sitanunua hadi nipime udongo. Mwalimu, sampuli nichukue kwa kina gani?

#28 Mwalimu wa Udongo

Kwa ajili ya mazao, chukua sentimita 0 hadi 20, sehemu kumi na tano hivi kwa kuzungukazunguka shamba, uchanganye katika ndoo safi, na uwatenganishie maabara kipande cha mboga na kile cha mahindi. Usichukue karibu na lundo.

#29 Jirani wa Toledo

Kwa ajili ya maji, mimi ningechukua pia sentimita 0 hadi 5 peke yake. Hizo ndizo mvua inazozigusa, na ukizichanganya na sentimita 20 utapata wastani unaoficha kilichoko juu.

#30 Mwalimu wa Udongo

Kwenye shamba linalolimwa kwa jembe kila msimu, sidhani kwamba tofauti itakuwa kubwa. Penye nepia ya kudumu inayomwagiwa tope la samadi juu, hapo nakubaliana nawe. Mfugaji achukue zote mbili kwenye nepia, na aweke majibu hapa pamoja na jina la kipimo kilichotumika, kwa sababu namba za kipimo cha Olsen na za Mehlich hazilinganishwi moja kwa moja.